Siku Mliyomzika Mama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi kimeanza kukuachia, na kwamba unakula. Mimi nakula, nalala kidogo. Namtumia Bhoke barua hii kwenye simu yake akusomee taratibu, maana nikikupigia nashindwa kumaliza.

Uliponiuliza kwa nini siji kumzika Mama, ulisema, "Robhi, kwani umefungwa?" Ukakata simu. Leo nakujibu. Kibali changu cha kuishi huku kilikuwa kimeisha muda, na kipya kilikuwa bado kwenye ofisi za uhamiaji. Wakili aliniambia, "Ukitoka, usitegemee kurudi." Masomo yote, tangu shuleni pale Kisaka hadi huku, yangeishia uwanja wa ndege. Niliogopa, Baba. Sikuwa na pingu, ila sikuweza kutoka.

Siku ya mazishi nilikwenda kazini, chumbani hapakukalika. Kazi yangu unaijua: tunavizia mawimbi ya mvutano, mtikisiko mdogo mno unaotufikia nyota nzito zinapogongana mbali kabisa angani. Mimi ndiye wa kuutenganisha na mtikisiko wa lori au upepo, kama watu wa Nyamongo wanavyojua hii ni radi, hii ni baruti ya mgodini.

Kwenu ilikuwa saa nane mchana, huku ndiyo kwanza kunakucha. Bhoke akaniandikia: "Wanamshusha sasa." Hata simu sijaiweka chini, kengele ya mtambo ikalia. Wimbi limepita! Wenzangu wakaruka, wakanikumbatia. Nikalia. Wakadhani ni furaha.

"Usiondoke," mkuu wangu akasema. "Bila wewe hatuwezi kuthibitisha."

Nikakaa hadi jioni, nikikagua kama si mtikisiko wa pampu, upepo au ardhi. Lilikuwa wimbi la kweli, nililolisubiri miaka sita. Nilipomaliza ndipo nikamwambia mkuu wangu kwamba leo wamemzika mama yangu. Akakaa chini.

Kibali kimetoka jana. Nimekata tiketi, Jumamosi nitakuwa hapo. Najua wajomba wana maneno, wayaseme, nitasikiliza.

Msalimie shangazi Nyangi, aliyemuogesha Mama. Bhoke mdogo wangu, asante kwa kusimama mahali pangu. Kaka Mwita asije na watu kunipokea. Na usinichinjie mbuzi, Baba. Nionyeshe tu alipolala, kisha uniache naye.

Binti yako,
Robhi