Bahasha ya Daniel Uliyoichana

Kiwalani,
Dar es Salaam.
9 Juni 2025

Mpendwa Shemeji Gibson,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia, maana simu zangu hupokei, ndiyo nimeshika kalamu. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Sie hapa wazima. Bupe kaota meno ya juu, anamng'ata kila mtu. Akikua nitamwonyesha wa kumng'ata.

Shemeji, nina hasira na wewe. Nimeingoja ipoe, haipoi.

Daniel kapiga simu jana kutoka Kanada. Mdogo wako, mwalimu wa hesabu, bado anasugua masufuria hotelini. Kule huingii darasani kwa cheti cha ualimu cha huku peke yake. Kwanza wanakipima, waone ulisoma nini, wakwambie uongeze masomo gani, ndipo upate leseni. Na matokeo ya chuo lazima yafike ndani ya bahasha iliyofungwa na chuo chenyewe, mhuri juu ya gundi. Ikifunguliwa njiani, hawaitaki.

Hayo nilikwambia siku ya ubatizo wa Bupe, dada Sesilia anasikia: bahasha iliyoko kabatini isiguswe, kesho naipeleka posta. Nikaenda kugeuza pilau. Narudi, umesimama katikati ya wageni, bahasha imechanwa, unasoma alama za Daniel kama MC wa harusi, watu vigelegele! Eti tuziombee, na kitu kilichofungwa hakiombewi. Kwani Mungu wako haoni ndani ya bahasha?

Kesho yake ukaniletea karatasi umeshaipiga laminesheni. "Isiliwe na mende, shem." Ukasimama pale unangoja ahsante.

Daniel aliwauliza wa huko Kanada kama wataipokea hivyohivyo. Wamekataa.

Sasa nasikia huko Tukuyu unatangaza kuwa Daniel kafeli, Wazungu wamemwona kilaza. Koma, Shemeji. Kilichokataliwa ni bahasha, siyo Daniel, na mkono ulioichana ni wako.

Faili lake linafungwa mwisho wa mwezi wa nane. Likifungwa anaanza upya, na masufuria yanamngoja. Ombi la matokeo mengine keshalituma chuoni, limelala tu. Chuo kiko Mbeya, wewe ndiye wa karibu. Nenda ukakae mlangoni kwao mpaka waitume bahasha wenyewe. Usiseme utawasaidia kuibeba!

Mie niliishia darasa la saba, lakini hili nalijua: Daniel atashika chaki kule, na mie na Bupe tutamfuata. Nikimbembeleza mtoto namwimbiaga, baba anaenda shule. Analala anacheka. Usinifanye niwe namdanganya mwanangu.

Msalimie Mama, mpe shikamoo yangu. Msalimie na mkeo Hope, yeye sina neno naye.

Mungu akupe miguu myepesi ya kufika chuoni, na mikono mizito isiyogusa kitu.

Akupendaye bado, kwa kujilazimisha,

Recho, mama Bupe