Jina Lililosomwa Kanisani

Buhehe, Jumanne jioni, 1965

Sikusimama. Mimi mwalimu, niliyezunguka nyumba kwa nyumba nikiwasihi wazazi wasiwaogope watafiti wa chuo kikuu, sikusimama.

Leo wamerudi na majibu ya damu waliyowatoa watoto wetu, wakatukusanya kanisani. Daktari alisoma mara tatu, kanisa zima likisikia: "Nafula, miaka sita. Ana malale, ule ugonjwa wa usingizi. Aletwe hospitali ya Tororo upesi, akichelewa hatapona."

"Hapa hatuna Nafula mdogo, daktari," mzee wa kanisa akamjibu. Watu wakacheka.

Nafula ni marehemu mama mkwe wangu. Siku ile ya sindano niliingiwa na hofu kama kina mama wengine: damu ya mtoto na jina lake vikishikwa na mgeni mmoja, ni rahisi kumroga. Basi Nekesa wangu nikamwandikisha kwa jina la marehemu. Mwalimu mzima!

Kesho alfajiri nampeleka Tororo. Watakaocheka na wacheke.

Amelala tangu saa nane mchana, uji wake umeganda. Nimemwita Nekesa mara mbili, hajaitika. Lile jina la marehemu naogopa kulitamka humu ndani, asije akaliitikia.