Wageni Wako wa Kwenye Viazi

Mufindi, kwenye chai

Mwadila mayu!

Hujambo mama yangu? Mgongo umetulia? Mimi mzima, ila baridi ya huku acha tu, asubuhi tunachuma chai vidole huvisikii. Barua nimempa Masanja, anakuja huko nyumbani Migato. Mdogo wangu Kabula akusomee taratibu, maana kwenye simu wewe ni "haya mwanangu, haya," kisha unakata.

Mama, ni wale vipepeo ulionisimulia kwenye simu. Ulisema wadogo, rangi ya chungwa na nyeusi, wamejaa kwenye viazi na kaburini kwa baba. Ukakataza watu kuwafukuza, eti tangu tumzike ndio wanaokuamkia. Nilishawaona hapa, kwenye viazi vya mama mwenye nyumba!

Basi nikaokota viwavi kwenye majani yake, nikawafuga kwenye kopo chini ya kitanda. Mwenzangu wa chumbani alicheka mpaka akakaa chini: "Msukuma, ng'ombe umewaacha kwenu, sasa unachunga wadudu?" Nikamwambia hawa hawahitaji fimbo. Siku wanatoka, mama! Kipepeo mdogo, chungwa, pindo jeusi. Yule yule! Watoto wake ndio wanaomaliza majani. Ukiwaacha, marando ya viazi yanaisha, na mbegu ya msimu ujao utaitoa wapi? Na viazi vya kukausha michembe je?

Roho iliniuma. Nikaona nakunyang'anya wageni wako. Kila nikipumzika nikawa naingia vichakani nyuma ya nyumba, nachungulia tu. Nikampata mwingine! Mkubwa kidogo, chungwa vile vile, ila ncha za mabawa ni nyeusi zenye madoa meupe. Huyu viazi hagusi. Anataga kwenye yale magugu yanayotoa maziwa ukiyakata, kama yale yaliyoota kaburini kwa baba.

Kwa hiyo huna haja ya kung'oa viazi wala kufukuza vipepeo wote. Geuza majani. Ukiona yaliyofungwa na utando kama wa buibui, viwavi wamejazana humo, chuma jani zima utie motoni. Usiwaonee huruma. Halafu nenda kwa baba, kaa, subiri mmoja atue, umtazame ncha ya bawa. Nakuombea uone madoa meupe. Akiwa nayo, huyo ni wako, akuamkie mpaka uchoke.

Na wewe Kabula, hapa soma kwa sauti: yale magugu ya kaburini uliyotaka kuyalima, jembe lisiyaguse!

Nisalimie bibi mzaa baba, na mama mkubwa wa Nassa, mwambie dagaa wake nawaota.

Mwanao, mchunga wadudu,
Nkwabi