Goti la Kaka

Dar es Salaam, 4 Februari 1997

Mpendwa Baba,
Assalaam alaykum. Natumai hujambo. Mimi mzima, ila goti lako linanikosesha raha.

Nimempelekea Shangazi Hija plasta ngumu, zile tunazowafungia wagonjwa hapa hospitali. Kile kifupa cha mbele ya goti husukumwa kwa ndani, kisha kinabanwa kwa plasta. Peke yako hutaweza, lazima mkono wa mwengine. Shangazi nilimfundisha Idi iliyopita. Nawe kila asubuhi kaa kitini, nyoosha mguu, hesabu kumi, ushushe.

Mwanao, Zulekha

Wete, Jadida, 20 Februari 1997

Mwanangu Zulekha,
Waalaykumu salaam. Sote wazima, alhamdulillahi.

Huyo shangazi yako tangu uchaguzi yuko na wale wa chama kingine. Harusi zao hatuendi, maiti zao hatuziki, nao vivyo hivyo. Leo nimnyooshee mguu? Juzi alikuja na plasta zake. Nikamwambia rudi nazo, wafunge wenzio. Akacheka: "Kwani goti lako nalo lina kadi, kaka?" Nikafunga mlango.

Babako, Khatib

Dar es Salaam, 9 Machi 1997

Baba, shikamoo.
Habari za huko? Mimi sijambo.

Goti lisipofanyiwa kazi hukaza, mwisho hata sijida itakushinda. Nakuomba, mwite Shangazi. Hana mume wala mtoto, ana wewe tu.

Mwanao, Zulekha

Wete, Jadida, 2 Septemba 1997

Mwanangu,
Salaam nyingi. Hali yangu si njema, sikufichi. Barua zako zote nilizipata, kiburi ndicho kilichonizuia kujibu.

Shangazi yako Hija tumemzika Ijumaa. Homa ya siku nne tu. Mungu amrehemu.

Nilikwenda, Zulekha, na mkongojo wangu. Watu wa chama chake wakanipisha, maana wa kumpokea kaburini ni mimi nduguye. Nikakaa ukingoni, nikateremsha mguu. Goti likagoma. Nikajaribu tena, watu wote wananitazama. Bakar, mmoja wao, akaniambia taratibu, "Mzee, tupishe, maiti asingojeshwe." Wakateremka yeye na Nyange, watu baki, wakampokea dada yangu. Nimeona aibu ambayo sijapata kuiona.

Jana wameniletea kisanduku chake. Plasta zako zimo, ameshazikata, kila kipande kakibandika juu ya nailoni, na kikaratasi kaandika: "Za kaka, akipoa hasira."

Mazoezi nafanya, nahesabu kumi kila asubuhi. Na plasta nimejaribu kujifunga. Mkono mmoja nasukuma, mwengine nabana, haikai. Ulishaniambia.

Babako, Khatib