Mwanamke Ndani ya Kabati

Jumanne, 4 Machi
Nimeshona sare nne za shule. Mvua. Kavira amekaa mlangoni tangu asubuhi, anatazama barabara ya mpakani. Ni binti wa mama mdogo. Alikuja Bwera wiki tatu zilizopita kutoka upande wa Beni, Kongo, kwenye vita, peke yake. Kule alikuwa na mtoto wa miaka minne, Masika; hakuja naye. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mtoto yuko wapi. Mimi ndiye mwoga kuliko wote. Haongei. Ndiyo, hapana, aksanti. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Kasese, kununua uzi. Nimerudi na filamu kwenye flashi. Muuzaji kasema inatisha sana, nusu Kiingereza, nusu Kifaransa. Kifaransa sijui hata neno. Sijali. Kutishwa na kitu kilicho ndani ya televisheni ni raha. Ya nje ndiyo siyawezi.

Jumamosi, 8 Machi
Tumeitazama baada ya chakula cha mchana. Nyumba kubwa, mwanamke peke yake, mtu anatembea darini. Nimefurahi mno. Nimejifunika kitenge mpaka puani. Kiingereza nilikifuata. Kikija Kifaransa nilisikiliza sauti tu, na sauti ilitosha kunisimamisha nywele. Kavira alikisoma shuleni. Alitulia kando yangu.

Mwanamke akajificha kabatini, akanong'ona Kifaransa. Nikauliza bila kufikiri: "Anasema nini?"

Kavira akajibu palepale. "Anamwambia mutoto: Masika, usilie. Beko inje. Shika mukono ya mama."

Beko inje: wako nje. Lakini kabatini hamkuwa na mtoto.

Nikanyoosha mkono nizime. Akanizuia. "Acha, yaya, dada yangu. Nataka nione kama anatoka."

Alitoka. Sijui vipi. Nilikuwa namtazama Kavira.

Jumapili, 9 Machi
Sikwenda kanisani. Naogopa. Filamu niliileta kwa raha yangu mwenyewe. Je, nimemvunja? Hajatoka chumbani. Nimefika mlangoni kwake mara tatu, nikageuka mara tatu.

Mara ya nne nimeingia. Nimeuliza Masika yuko wapi.

"Watu walikuwa wengi, banakimbia. Mukono yake iliniponyoka. Sijui, yaya. Sijui."

Hajui. Hakusema amekufa. Wiki tatu nzima nimekuwa nikila naye meza moja, mtoto nimeshamzika moyoni. Nimeona aibu. Kisha hofu mpya, mbaya kuliko ile: kama yuko hai, yuko na nani?

Jumatano, 12 Machi
Nimefunga kibanda changu cha kushonea. Tumekwenda kituo cha kupokea wakimbizi, wanapoandika majina ya watoto waliopotea. Nilidhani nitamsemea. Amesema mwenyewe, yote. Gauni la njano. Kovu kwenye kidevu. Karani akauliza urefu. Kavira akaweka kiganja usawa wa kiuno, akafikiri, akakipandisha kidogo.

Watapiga simu wakipata habari.

Tumerudi kwa miguu. Tumekula maharage. Simu iko mezani, kati ya sahani yake na yangu.