Glasi ya Baba

Iloilo, Jumapili

Dada Herminia,

Huku sote wazima, na jogoo wa Mama bado anamgombeza kila mpita njia. Mafuta uliyotutumia kutoka Hong Kong yamefika.

Tangu pombe imchukue Baba, kila barua unauliza kama mdogo wetu Gani anakunywa chuoni. Sisi wa kamati ya kupinga ulevi tulibandika mabango huko. Wavulana wa bweni lake wakayabandua, wakayakalia wakinywa mnazi. Juzi nikaenda kuwafokea. Nikakuta glasi moja inazunguka, kama kawaida, na ya kwanza imeshamwagwa chini kwa ajili ya marehemu. Ikamfikia mdogo wetu. Akaimwaga yote.

“Ya Baba,” akasema.

Ilipomrudia, akamwaga tena.

“We Gani, mzee wako hatosheki?” wakamcheka.

“Alipokuwa hai alitosheka lini?”

Kicheko kikakatika. Aliyekaa kando yake akapokea glasi.

“Hata mzee wangu,” akasema, akaimwaga.

Nilirudi bila kufoka. Mama sijamwambia, maana atalia. Wewe lia huko huko, ukimaliza umpigie simu Gani.

Mdogo wako mwenye mdomo,
Ligaya