Shuka Kidogo, Mama Atieno

Jumapili, Aprili 1994

Ati nishuke tena. Tangu mume wangu akate springi ili gari yetu ilale chini kama za vijana wa mjini, kila geti lenye mwinuko lazima nishuke, gari iwe nyepesi, isikwaruze. Kwamba nina mimba ya miezi saba, hilo si neno.

Leo ilikuwa kwa wazazi wangu, Riat. Mvua ilikuwa imetoka tu kunyesha. "Shuka kidogo, Mama Atieno," akasema, nami nikashuka na viatu vyangu vya kanisani. Mama alikuwa mlangoni akitutazama. Gari ikapanda upandeupande, polepole, utadhani ni mgonjwa anapandishwa kitandani.

Nikaifuata kwa miguu. Nikateleza, nikaanguka.

Akasimamisha gari, akatoka mbio. Nikamnyooshea mkono. Yeye akapiga magoti kwenye matope, akachungulia chini ya ekzosi, akaniuliza, "Umesikia ikigusa?"

Mama ndiye aliyeniinua. Akanipangusa matope kwa leso yake.

Jioni hii mtoto amecheza tumboni, nashukuru Mungu. Baba yake bado hajauliza.